Ujumbe umefungwa sawa, lakini kufuli ni ya nani?

Shangazi yangu anauza omena Homa Bay na hana mchezo na pesa. Ukimtumia zile meseji za "tuma kwa hii namba", anakufungia hapo hapo. Sasa mbona alituma shilingi 3,500 kwa mtu asiyemjua, akidhani ananisaidia mimi?

Siku hiyo nilikuwa Migori, kwa saiba ninakofanya kibarua tangu niache chuo (karo, hiyo ni stori ya siku nyingine). Asubuhi simu ikakosa netiweki. Nikapuuza. Kumbe kuna msee alikuwa amehamishia namba yangu kwenye laini yake, akafungua akaunti ya ujumbe kwa namba hiyo na kuanza kuwaandikia watu wangu. Kwa simu ya shangazi, maneno ya mwizi yalikaa chini ya salamu zangu za Jumapili. Jina langu, picha yangu. M-Pesa ilimwonyesha jina la mgeni kabla hajatuma, naye akauliza, "Huyu ni nani?" Akajibiwa, "Rafiki, laini yangu ina shida." Kwisha.

"Lakini si wanaandika hapo juu kwamba ujumbe umefungwa, hata kampuni haisomi?" aliniuliza baadaye.

Ni kweli. WhatsApp hufunga ujumbe wote hivyo tangu 2016. Maneno ya shangazi yalifungwa vizuri kabisa, ila kwa kufuli ya mwizi.

Iko hivi. Simu yako hutengeneza funguo mbili. Ufunguo wa siri haitoki nao. Ule wa umma ni kama kufuli iliyo wazi: unaigawa kwa kila mtu, yeyote anaweza kukufungia kitu nayo, na wewe peke yako unaweza kufungua. Shida ni kuigawa. Siwezi kupanda matatu mpaka Rongo, nishike nyingine ya Homa Bay, kila mtu akitaka kufuli yangu. Kwa hivyo kampuni huweka daftari kubwa kwenye seva. Simu ya shangazi inauliza, "Namba hii, kufuli yake ni ipi?" Daftari linajibu, na yeye haoni chochote. Mwenye namba akibadilika, daftari linabadilika naye.

Daftari hizi zina historia ya vituko. Zile za zamani za PGP, programu ya kufunga barua pepe iliyotoka 1991, zilimruhusu yeyote kuweka ufunguo kwa jina la yeyote, na ukishaingia haufutiki. Mwaka 2019 watu wakazijaza takataka, funguo za wengine zikawa nzito hata programu zikakwama. Mwaka huo huo ikaja keys.openpgp.org, ambayo haikuonyeshi kwa barua pepe yako mpaka uthibitishe kwamba barua ni yako. Ni afadhali. Lakini mtu akikuibia barua pepe yenyewe? Tunarudi pale pale kwa laini yangu.

WhatsApp nayo ilitangaza 2023 kwamba daftari lake litawekewa kumbukumbu inayoweza kukaguliwa, ili kampuni isikupe kufuli ya uongo kimya kimya. Hiyo inamzuia mwenye daftari. Mwizi wa laini haimgusi, maana yeye aliingia kwa mlango wa mbele.

Na si pesa tu. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa huku Homa Bay kwa sababu ya chapisho la X kuhusu mkubwa wa polisi, akafia kizuizini Nairobi. Chapisho la wazi halina kufuli, najua. Lakini sisi tunaoandika huku tunatumiana mengi faraghani, na mtu akichukua namba ya mmoja wetu, anaingia kundini akiwa na jina lake.

Nimeweka PIN ya hatua mbili kwenye akaunti, kitu ningefanya kitambo. Pia nimewasha arifa za usalama, zinazokuambia msimbo wa mtu umebadilika. Kwa simu ya shangazi zilikuwa zimezimwa.

Jumamosi nikaenda Homa Bay. Tukakaa kando ya beseni la omena, nikafungua jina lake, nikabonyeza sehemu ya usimbaji fiche. Zikatokea tarakimu 60, mafungu kumi na mawili. Ungeweza kuskani ule mraba wa QR na kumaliza, lakini kamera ya simu yake ilishapasuka. Basi nikawa nasoma, naye anafuata kwa kidole, wateja wakisubiri. Fungu la nane akanirudisha, eti nasoma mbio.

Zote zikalingana.

"Na ukinunua simu nyingine, nyathina?"

"Zitabadilika, shangazi."

"Basi utakuja tena," akasema, akamgeukia mteja.