Tuketi Kando ya Mtoto Anapocheza

Tunapowakuta watoto wetu wamekodolea macho michezo ya video, kina mama wengi husema neno moja tu: "Zima!" Sisi wauguzi tunajua kwamba macho huchoka na usingizi hupungua, na onyo hilo tunalishika. Lakini je, tumewahi kumwuliza mtoto anaona nini humo?

Hebu tuwatazame Wainupiati, wenyeji wa kaskazini ya Alaska, Marekani. Kama ilivyokuwa kwetu, wazee wao waliwafunza watoto kwa hadithi. Baadaye Kiingereza kikaisonga lugha yao. Baraza la wenyeji lililoko Anchorage, Cook Inlet Tribal Council, halikupiga vita michezo ya video, bali lilishiriki kutengeneza mmoja. Mwaka 2014 ukatoka mchezo wa Kisima Ingitchuna, maana yake "Siko peke yangu". Wazee na wasimulizi wapatao 40 walishirikishwa.

Hadithi iliyotumika ilisimuliwa zamani na mzee Robert Nasruk Cleveland. Waliomba kwanza ruhusa kwa binti yake, Bibi Minnie Gray. Katika hadithi, kijana anatafuta chanzo cha dhoruba ya theluji isiyokoma. Katika mchezo, kijana huyo amekuwa msichana, Nuna, anayefuatana na mbweha mweupe. Msimulizi anasikika akisema Kiinupiaki, na watu wawili huweza kucheza pamoja, mmoja msichana, mwingine mbweha.

Je, kubadilisha hivyo ni kuharibu hadithi? Hata bibi zetu hawakusimulia kisa cha sungura kwa namna ileile kila jioni. Waliongeza, wakapunguza, wakaiga sauti za wanyama, nasi tukaitikia na kuimba. Mtoto anayebonyeza vitufe naye anaigiza. Akishindwa, anaanza upya. Mara nyingi anachokosa ni mtu wa kumwitikia.

Mama mmoja katika kikundi chetu alilia kwamba mwanawe wa miaka 13 hasemi naye. Tulimshauri aketi kando yake na kuuliza: "Huyu ni nani, na anakwenda wapi?" Kijana alieleza mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza, "Mama, wewe mlikuwa mnasimuliwa nini?"

Mama mwenzetu, weka saa za kucheza, na michezo ya kumwaga damu ikatae. Lakini kabla ya kusema "Zima", keti kwanza usikilize. Nawe uwe na hadithi yako tayari.