UHANDISI UPI? NENO KWA KAMATI ZINAZOSOMESHA VIJANA



Kamati ya usharika mmoja ilikaa mara mbili kwa ajili ya binti mmoja. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati, akataka kusoma uhandisi wa umeme. Wazee walitaka asome maji. "Mjukuu wangu, mradi wetu ni wa maji," alisema mzee mmoja, "na wafadhili wanachangia maji." Binti akajibu kwa heshima, "Babu, kisima kina maji. Kilichosimama ni pampu."

Alisema kweli. Mradi mmoja wa kisima kirefu unahitaji fani nyingi:

- Ujenzi: tangi, mnara wake na njia ya kufika kisimani.
- Maji: vipimo vya mabomba na mgao wa kila kituo.
- Mitambo: pampu na jenereta.
- Umeme: paneli za sola, nyaya na vifaa vya kuendesha pampu.
- Kemikali: usafishaji wa maji. Huku kaskazini floridi nyingi huharibu meno na mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Kabla ya kijana kujaza fomu, tumsaidie kwa mambo matatu. Kwanza, ashinde siku nzima na fundi au mhandisi wa fani anayoitaka, aone kazi yenyewe. Pili, tuangalie masomo anayoyamudu: umeme unadai hisabati nyingi, kemikali inadai kemia. Tatu, akumbuke kwamba chuo kikuu humpokea katika fani moja kwa miaka 4, na kuhama si rahisi. Baada ya shahada bado anahitaji mafunzo kazini ili asajiliwe kuwa mhandisi kamili na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Anayesoma bila moyo huishia njiani, na mchango wenu pia.

Hatimaye wazee walikubali umeme. Binti naye aliahidi kuikagua pampu kila likizo.

Kwa hiyo tunaomba kila kamati iketi kwanza na kijana na wazazi wake, imsikilize, ndipo ituandikie ofisini fani aliyoichagua na sababu zake. Sababu hizo ndizo tutakazowapelekea wafadhili.