Barafu ya Greenland na joto la Norwe

Wenye watoto au mashemeji waliopelekwa Norwe wameshaambiwa kwenye simu: kule baridi si mchezo. Lakini bandari ya Bergen haigandi. Ng'ambo, pwani ya Labrador huko Kanada, iliyo kusini zaidi ya Bergen, bahari inashika barafu kila majira ya baridi. Kwa nini?

Ni mkondo wa bahari. Maji yenye joto huvuka Atlantiki kutoka upande wa Ghuba ya Meksiko, yakiachia joto njiani. Yakifika kaskazini yamepoa, na kwa kuwa yana chumvi yanakuwa mazito, yanazama na kurudi kusini kupitia chini. Mengine yanafuata nafasi yao.

Jaribuni jikoni na watoto. Yai bichi kwenye maji matupu linazama. Koroga chumvi ya kutosha, linaelea, maana maji ya chumvi ni mazito. (Yai msilitupe jamani, bei mnaijua.)

Sasa barafu ya Greenland inayeyuka. Tangu 2002 imepungua wastani wa tani zaidi ya bilioni 200 kila mwaka, na maji yake hayana chumvi. Yakimwagika baharini hayazami upesi, mkondo unalegea.

Mwaka 2021 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilisema kuna uwezekano mkubwa sana mkondo utapungua nguvu karne hii, ingawa halitarajii usimame ghafla kabla ya 2100. Ukisimama, hata ukanda wa mvua za nchi za joto utasogea kusini: wengine watakosa mvua waliyoizoea, wengine itawazidi.