Programu ya tarakilishi nayo sharti imjue msikilizaji wake

KATIKA isimujamii tunafundisha kwamba msemaji stadi huanza kwa kujiuliza: Ninasema na nani? Wahenga walilisema hilo kwa namna yao: ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Hakimu akiwa kortini hatumii lugha anayotumia akiagiza nyama choma, na mhadhiri hasemi darasani vile anavyosema ndani ya matatu. Tofauti hizo ndizo tunazoziita sajili.

Leo ninadhamiria kuonyesha kwamba kanuni hiyo haiishii kwa binadamu. Zipo programu za tarakilishi zinazofanya kazi kwa maandishi matupu, bila picha wala vitufe vya kubofya. Unaandika amri, nazo zinajibu kwa maandishi kwenye skrini. Programu hizi nazo hulazimika kujua zinazungumza na nani, na zisipojua huharibu kazi ya watu.

Nasikia mtu akiuliza: "Sasa Prof, mambo ya kompyuta na Kiswahili wapi na wapi?" Hebu nieleze. Siku hizi wanafunzi wetu wa uzamili hawahesabu nomino kwa kalamu na daftari. Hukusanya maelfu ya sentensi kutoka magazetini, wakaziweka katika faili, kisha wakaiamuru programu itafute maneno wanayoyataka. Mmoja wao alikuwa akichunguza ngeli. Alitumia programu iitwayo grep kuchuja sentensi zenye maneno kama "watoto", akayahifadhi matokeo katika faili jipya. Programu nyingine ikaondoa tarakimu na alama za uakifishi, kisha ikahesabu. Akaja ofisini na uso wa huzuni: "Prof, hii data imeharibika. Kuna neno linaitwa mKwatotomK, na liko mara nyingi ajabu."

Neno hilo halimo katika kamusi yoyote. Ukilipeleka katika uchanganuzi wa ngeli, litahesabiwa miongoni mwa yanayoanza kwa m-, na hitimisho zima la tasnifu litakwenda mrama. Limetoka wapi?

Jibu linaanzia mbali kidogo. Maandishi ndani ya tarakilishi huwa na alama za aina mbili: zinazoonekana na zinazoamrisha. Orodha ya misimbo iitwayo ASCII, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka wa 1963, ina nafasi 128. Katika umbo tulilolizoea, nafasi 95 ni za herufi, tarakimu, alama za uakifishi na ile nafasi tupu baina ya maneno. Nafasi 33 zilizosalia hazichapiki. Hizo ni amri. Nambari 7 hupiga kengele. Nambari 10 husogeza karatasi mstari mmoja. Nambari 13 hurudisha kichwa cha kuchapia mwanzoni mwa mstari.

Waliosoma Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu hawatashangaa. Sukuni haina sauti yake. Ni kiduara kidogo juu ya konsonanti, nacho humwambia msomaji kwamba hapa hapana irabu. Haitamkwi, ila huongoza utamkaji. Alama za udhibiti katika tarakilishi zina kazi ya aina hiyo: hazisomwi, ila huongoza usomaji.

Nimetaja karatasi kwa sababu skrini ilikuja baadaye. Mashine kama Teletype Model 33, iliyotolewa mwaka huo huo wa 1963, ilichapa karatasini, herufi 10 kwa sekunde. Mpaka leo, katika mfumo wa Unix na wa Linux, dirisha la maandishi huitwa tty, kifupi cha jina la mashine hizo. Ni kama sisi tunavyoendelea kusema garimoshi ilhali injini za mvuke zilistaafishwa zamani. Maneno yana tabia ya kuishi kuliko vitu vyake.

Skrini ilipoingia ilileta jambo jipya. Karatasini huwezi kurudi juu ukafuta. Kwenye kioo unaweza. Mwaka wa 1978 kampuni ya Digital Equipment Corporation ilitoa terminali iitwayo VT100, yenye mistari 24 ya herufi 80. Ilihitaji amri nyingi kuliko zile 33, na nafasi zilikuwa zimekwisha. Njia iliyotumika ni alama ya nambari 27, ile ya kitufe cha Esc. Alama hiyo ni kama mtu anayekohoa kidogo kabla ya kusema jambo la faragha: yanayofuata si ya kuchapwa, ni ya kutekelezwa. Alama hiyo ikifuatwa na [2J, skrini yote hufutika. Ikifuatwa na [H, kishale hurudi pembe ya juu kushoto. Ikifuatwa na [31m, maandishi yajayo huwa mekundu mpaka ije [0m ya kuyarudisha yalivyokuwa. Terminali za VT100 zenyewe haziuzwi tena, lakini madirisha ya maandishi ya leo bado yanaielewa lugha hiyo.

Udhibiti huu haukuwa wa urembo tu. Piga hesabu: mistari 24 mara herufi 80 ni herufi 1,920. Kwa laini ya simu ya biti 300 kwa sekunde, yaani takriban herufi 30, kuijaza skrini moja kulichukua zaidi ya dakika nzima. Bill Joy, aliyeandika kihariri cha vi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alifanya kazi kwa laini ya aina hiyo. Ilibidi programu ikumbuke kilichopo kwenye skrini, ikilinganishe na kinachotakiwa, kisha itume tofauti peke yake. Ken Arnold baadaye alizikusanya mbinu hizo katika maktaba ya programu iitwayo curses. Mwalimu mwenye busara hufanya vivyo hivyo: neno moja likikosewa husahihisha neno hilo, hamwamuru mwanafunzi aiandike insha yote upya.

Na maandishi yakizidi mistari 24? Yatapita mbio na msomaji asipate kitu. Mwaka wa 1978, huko huko Berkeley, Daniel Halbert aliandika programu ndogo iitwayo more, yaani "zaidi". Huonyesha ukurasa mmoja, husimama, na kungoja msomaji abonyeze kitufe. Mkenya yeyote anaijua adabu hiyo. Ukifungua menyu ya huduma kwenye simu ya kawaida, ujumbe mmoja hauwezi kuzidi herufi 182, kwa hiyo mara nyingi utaambiwa ubonyeze 98 ili uone zaidi. Ni staha ya mzungumzaji anayemsubiri msikilizaji ameze tonge kabla ya kumpa jingine.

Hapa nidokeze jambo litakalowafaa wengi. Mtu aliyezoea kuhifadhi kazi yake kwa kubonyeza Ctrl na S hufanya hivyo katika dirisha la maandishi, na ghafla kila kitu husimama. Wengine huzima mashine wakidhani imekufa. Kumbe wametuma alama ya nambari 19, ambayo tangu enzi za karatasi maana yake ni "ngoja kwanza". Bonyeza Ctrl na Q, alama ya nambari 17, na maandishi yataendelea kutiririka.

Sasa turejee kwa mKwatotomK. Programu ya grep ina uwezo wa kulipaka rangi neno iliyolipata, ili jicho lilione upesi. Kwa hilo huzungushia neno amri za Esc: mbele ya "watoto" huweka [01;31m na [K, na nyuma yake [m na [K. Skrini ikizipokea hutii, na mtu huona neno jekundu tu. Faili halitii chochote. Hupokea kila kitu kama kilivyo. Baadaye mabano, tarakimu na ile alama ya Esc vilipoondolewa, zikasalia herufi m na K pande zote mbili. Neno jipya la "Kiswahili" likazaliwa.

Je, programu haikujua inaliandikia faili? Ilikuwa na uwezo wa kujua. Katika Unix kuna swali ambalo programu inaweza kuuuliza mfumo: Huku ninakopeleka maneno yangu ni terminali au si terminali? Zilizoandikwa kwa uangalifu huuliza kabla ya kusema. Ile ya kuorodhesha mafaili, iitwayo ls, hupanga majina kwa safu kadhaa ikijua kuna mtu mbele ya kioo, na huweka jina moja kila mstari ikijua inaiandikia programu nyingine. Hata kasi ya usemi hubadilika. Mbele ya mtu, programu nyingi hutoa kila mstari unapokamilika. Zikiliandikia faili, hukusanya kwanza kisha zikamwaga kwa mkupuo. Hiyo ni sajili kamili.

Kuhusu rangi, grep inakubali maagizo matatu: daima, kamwe, na kwa kutegemea msikilizaji. Tarakilishi aliyoitumia mwanafunzi huyo ilikuwa imepangwa na mtu mwingine iseme "daima". Tulilibadilisha agizo likawa la tatu, tukarudia kuchuja, na "watoto" wakarudi kuwa watoto. Dakika tano zilitosha, lakini bila kujua chanzo angeweza kutetea tasnifu yenye takwimu za uongo, na pengine sisi wasimamizi tungeipitisha.

Wapo wanaoumia zaidi. Watu wasioona hutumia programu inayowasomea skrini kwa sauti. Kile kiashiria kinachojiandika upya kila nukta kuonyesha kazi imefika asilimia ngapi, kwao ni kelele isiyokoma. Tangu mwaka wa 2017 ipo desturi iitwayo NO_COLOR, ambayo humwezesha mtumiaji kutangaza mara moja kwamba hataki rangi, na programu zinazoifuata zikamheshimu. Ni mwanzo mwema, ingawa rangi ni sehemu ndogo tu ya adabu tunayoidai.

Nayasema haya kwa sababu vijana wetu wameanza kuunda programu zinazozungumza Kiswahili. Kazi ya kutafsiri menyu si ngeni: mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice. Lakini msamiati ni nusu ya lugha. Programu inaweza kutumia maneno fasaha kabisa ya Kiswahili, na bado ikamwagia faili la mtafiti amri zilizokusudiwa kioo, au ikamkimbizia msomaji mistari asiyoweza kuifuata.

Kwa hivyo nawaomba waunda programu waulize kwanza nani anasikiliza, wayatenge maudhui na mapambo, na wampe mtumiaji uwezo wa kusema "ngoja" na "hapana". Nanyi watafiti wa lugha, kabla ya kuhesabu neno lolote, lifungueni faili kwa kihariri kinachoonyesha hata alama zilizofichika. Msimamizi akikuuliza umepataje takwimu zako, uwe na hakika kwamba ulichohesabu ni Kiswahili.