Alifunga bao, kisha akaanguka

Jumapili ya Desemba 4, 2016, timu za vijana wa chini ya miaka 20 za Mbao FC ya Mwanza na Mwadui FC ya Shinyanga zilimenyana katika Uwanja wa Kaitaba, Bukoba. Mshambuliaji wa Mbao, Ismail Mrisho Khalfan, alifunga bao. Muda mfupi baadaye alianguka uwanjani, na hakuamka tena. Alikuwa na miaka 19.

Mashabiki humkumbuka kwa bao lile. Mimi humkumbuka kila msimu wa UMISSETA unapokaribia, vijana wetu wa Karagwe na Kyerwa wanapoanza mazoezi. Sikusudii kumchunguza marehemu. Nawaandikia wazazi ambao watoto wao bado wanakimbia.

Kijana anayeonekana mzima anaweza kuwa na moyo wenye hitilafu. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka na kufariki akiichezea nchi yake mwaka 2003. Uchunguzi ulionyesha misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa kupita kawaida. Tatizo hilo mara nyingi hurithiwa.

Kwetu kuna jingine: mafindofindo yasiyotibiwa vizuri utotoni yanaweza kuleta homa ya baridi yabisi inayoharibu valvu za moyo. Kwa hiyo mtoto mwenye homa na maumivu ya koo apelekwe kituo cha afya, na akipewa dawa azimalize zote, hata akipata nafuu.

Mama mmoja wa Kyerwa aliniletea mwanawe wa kidato cha pili. Akikimbia kidogo tu, pumzi zilimwishia. Shuleni walimwita mvivu. Nyumbani walisema amerogwa. Ultrasaundi ya moyo ikaonyesha valvu imeharibika. Sasa anachomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne. Hachezi, lakini siku ya mechi ndiye anayeandika mabao.

Mzazi, kabla hujamruhusu mwanao kwenda mashindanoni, jiulize:

- Amewahi kuzimia au kuumwa kifua akiwa anakimbia?
- Huchoka au kuhema kuliko wenzake?
- Moyo humwenda mbio bila sababu?
- Kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 50?

Jibu likiwa ndiyo hata kwa swali moja, asicheze kwanza. Mpeleke hospitali asikilizwe moyo. Daktari ataamua kama anahitaji kipimo cha umeme wa moyo au ultrasaundi.

Na mchezaji akianguka ghafla bila kuguswa? Mwite, mtikise mabega. Kama haitiki na hapumui kawaida, msimmwagie maji wala kumtia kijiko mdomoni. Mmoja atafute gari. Mwingine aweke viganja viwili katikati ya kifua na kukandamiza kwa nguvu, kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Msiache mpaka apumue au msaada ufike, na mkichoka mpokezane.

Juni 12, 2021, Christian Eriksen wa Denmark alianguka uwanjani Copenhagen. Walimkandamiza kifua palepale, wakamshtua moyo kwa mashine. Alipona, akarudi kucheza. Mashine hiyo huenda isiwepo kwenye uwanja wa kijiji, lakini mikono ipo. Mwalimu wa michezo, omba wahudumu wa kituo cha afya kilicho karibu wawafundishe wewe na wachezaji wako. Somo hilo halimalizi hata saa mbili.

Bao la Kaitaba lilibaki kwenye kumbukumbu. Mfungaji naye angebaki, tungefurahi zaidi.