Bando la machimboni: namna ya kupata intaneti nafuu ukiwa mbali na shamba



Kila mwaka pamba ikishauzwa na mahindi yakishaingia ndani, nawaona vijana wengi wa Kishapu na Shinyanga Vijijini wakifunga mizigo kwenda machimboni: Mwakitolyo, Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu. Wengine wanaishia Katoro kwenye biashara. Wanakaa miezi miwili mitatu, shamba linabaki kwa mama na watoto. Sina neno na hilo, maisha ni kutafuta. Shida inakuja vuli inapoanza, mwenye shamba anatafutwa na jibu ni moja: bando limeisha.

Chukua viwavijeshi vamizi, ambao wako nchini tangu 2017. Kiwavi huyu anakula mahindi kwa wiki 2 hadi 3 hivi. Akiwa mdogo, dawa inamuua kirahisi. Akishakua anajificha kwenye moyo wa mhindi, kinyesi chake kinaziba juu, na dawa haimfikii. Picha ya jani lenye matundu ikikufikia wiki moja imechelewa, hela ya dawa umeimwaga. Na picha hiyo kwa WhatsApp kwa kawaida haifiki hata MB 1. Kwa hiyo huhitaji bando kubwa, unahitaji bando lililopo siku hiyo.

1. Laini ya nyumbani usiitupe

Namba uliyojiandikishia mbolea ya ruzuku, AMCOS na benki ndiyo inayopokea ujumbe wako. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba anaweza kupewa mtu mwingine. Iweke kwenye nafasi ya pili ya simu, weka vocha kidogo na piga hata simu moja kila mwezi. Laini ya machimboni iwe ya intaneti tu.

2. Uliza mtandao kabla ya kununua

Mtandao unaoshika vizuri Shinyanga mjini unaweza usishike kabisa kwenye duara. Waulize wenyeji, hasa mawakala wa pesa na wenye karasha, maana wao wanautegemea kila siku. Swali lisiwe "unashika?" bali "video inafunguka jioni?" Jioni ndipo watu wote wanatoka shimoni na mnara unaelemewa.

3. Sajili kwa jina lako

Usinunue laini iliyokwisha kusajiliwa na mtu mwingine, hata ukiuziwa bei ya kutupa. Mwenye jina anaweza kuifunga au kuirudisha kwake wakati wowote, na hela iliyomo ikaenda nayo. Sajili kwa namba yako ya NIDA na alama ya kidole. Ukimaliza, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika waifute. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040.

4. Piga hesabu ya siku, siyo ya MB tu

Menyu za vifurushi ni hizi: Vodacom *149*01#, Airtel *149*99#, Yas (iliyokuwa Tigo) *147*00#, Halotel *148*66#, TTCL *148*30#. Bei zinabadilika, kwa hiyo jifunze hesabu yenyewe.

Tuseme bando la siku ni sh. 500 kwa MB 300, na la wiki ni sh. 1,500 kwa MB 500. Kwa kuangalia haraka la siku linaonekana rahisi: sh. 100 inakupa MB 60, wakati la wiki inakupa MB 33 tu. Lakini wewe unashinda shimoni, simu unaishika jioni, unatumia MB 60 kwa siku. Kwa siku 7 ni MB 420. Ukinunua la siku kila siku utalipa sh. 3,500, na sehemu kubwa itaisha muda bila kutumika. La wiki linakutosha kwa sh. 1,500. Bando rahisi ni lile utakalolimaliza.

Jua pia haki zako. Kwa kanuni ndogo za TCRA za mwaka 2021, ukinunua tena bando lile lile kabla ya muda kuisha, salio lililobaki linaendelea. Unaweza pia kumhamishia mwenzako wa mtandao huo huo. Mkiwa kambi moja watu watatu, mnaweza kuchanga bando kubwa na mmoja akawasha hotspot, ila mkubaliane kwanza: hakuna video.

Bando la kukopa liwe la dharura tu, kwa sababu lina makato.

5. Zuia simu kula yenyewe

Fungua mipangilio ya WhatsApp, nenda sehemu ya hifadhi na data, zima kupakua picha na video zenyewe. Magrupu ndiyo yanayomaliza bando. Programu zijisasishe kwenye Wi-Fi tu. Ukishamaliza, zima data. Dakika moja ya kupiga kwa sauti WhatsApp hula kama nusu MB, ya video ni zaidi ya mara kumi. Ujumbe wa sauti ni bora zaidi, maana mama akiwa shambani ataufungua akirudi.

6. Mengine hayahitaji bando

Piga *152*00#, huduma za serikali, utaikuta M-Kilimo bila intaneti. Utabiri wa TMA wa vuli husomwa pia redioni.

La mwisho: bando lisiwe lako peke yako. Ukijiunga la wiki, mnunulie na aliyebaki nyumbani dogo. Yeye ndiye anayeona jani lenye matundu, na picha hiyo inabidi itoke kwake kwanza. Mwambie akiiona aitume kwako na kwa afisa ugani wa kata siku hiyo hiyo, asisubiri urudi.

Kazi njema, na mvua ikukute umejiandaa.