Kwa Nini Kando ya Njia ya Ndege Huachwa Wazi

Mara nyingi nimesikia watu wanaopita karibu na kiwanja cha ndege cha Entebbe wakiuliza, "Mbona ardhi yote hii inaachwa bure? Kwa nini isilimwe mahindi au kulishwa mbuzi?" Swali hilo si la kipumbavu, kwa maana ardhi ni mali. Nataka kulijibu kwa ufupi.

Ndege ituapo huenda mbio sana. Upepo, mvua, gurudumu lililopasuka au breki mbovu yaweza kuitoa njiani, ikaenda kando au ikapita mwisho. Hapo uwanda mtupu ndio msaada wa mwisho. Kwa hiyo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lataka njia kubwa ziwe na ukanda wazi wa meta 140 kila upande, kutoka mstari wa katikati, na meta 60 kupita mwisho wa njia. Mbele ya hapo huongezwa meta 90 kwa uchache, na lapendekeza zifike 240.

Katika ukanda huo mashimo hufukiwa na majani hukatwa. Taa na vibao haviepukiki, lakini husimamishwa juu ya vijiti dhaifu, ili vikigongwa vivunjike vyenyewe, si ndege. Hata katika njia ndogo ambazo ndege hupita polepole, nguzo au gari lisiachwe karibu, kwa sababu mabawa hutokeza nje ya lami.

Tazameni yaliyotokea Muan, Korea ya Kusini, tarehe 29 Desemba 2024. Ndege ya Jeju Air ilitua kwa tumbo, magurudumu hayakutoka. Iliteleza ikapita mwisho wa njia, ikagonga tuta la udongo lenye zege ndani, lililobeba erieli za kuongozea ndege. Katika watu 181 walikufa 179. Erieli zile ziliwekwa kwa ajili ya usalama, lakini msingi wake ulikuwa mgumu mno. Mwaka 2025 serikali ya huko ilitangaza kwamba itarekebisha misingi ya namna hiyo katika viwanja vyake.

Basi, ninyi mkaao karibu na viwanja vya ndege, msiruke ua kulisha mifugo wala kuchimba udongo, na waambieni wadogo zenu vivyo hivyo. Ardhi ile ina kazi yake. Tahadhari kabla ya hatari.